Almasi ya njano onlaini kwa nusu bei: uangalie nini kabla hujatuma hela

Dada, swali lako nimelisoma lote, nalirudia kwa kifupi ili na wengine waelewe tunaongelea nini. Umeona almasi ya njano onlaini, karati 1.21, kata ya radianti (umbo la mraba au mstatili lenye pembe zilizokatwa), muuzaji anasema ni fansi intensi, yaani daraja la rangi kali, ametuma video moja na picha ya ripoti ya GIA, ile maabara ya Marekani inayokagua almasi, bei yake ni kama nusu ya zingine za daraja hilohilo, na anakuambia ukichelewa kuna mtu mwingine anaichukua. Unauliza uangalie nini kabla ya kulipa, na mwishoni ukagusia kama pinki ingekuwa bora zaidi.

Kwa kifupi usitume hela bado. Sisemi huyo ni tapeli, inawezekana kabisa jiwe ni halali na ripoti ni halali, ila almasi za rangi haziendi kama zile nyeupe, kwenye nyeupe bei inagawanyika kwenye uzito, usafi, kata na rangi, ila huku karibu bei yote imekaa kwenye rangi, na rangi ndo kitu ambacho kamera inakosea kuliko vyote. Kwa hiyo yapo maswali mawili ya kwanza: hiyo rangi imetokana na nini, na je utaiona kwa macho yako wakati bado una uwezo wa kurudisha jiwe. Mengine yote yako nyuma ya hayo.

Tuanze na ripoti. Watu wengi wakishika ripoti macho yanakimbilia kwenye daraja, fansi intensi, basi wanafurahi. Mi huwa naanza na mstari wa asili ya rangi. Kwenye ripoti kamili ya GIA ya almasi za rangi sehemu ya rangi ina mistari mitatu: asili ya rangi, daraja lake, na jinsi ilivyosambaa ndani ya jiwe. Sasa angalia tena ile picha uliyoituma, imekatwa juu na imekatwa kwa chini kidogo, naona namba, vipimo, uzito na daraja, ila kichwa cha ripoti hakionekani na mstari wa asili haupo. Inaweza kuwa mkono ulitetemeka tu, lakini kwa jiwe la nusu bei sehemu mbili zilizokatwa ni zilezile mbili ambazo zingekueleza kwa nini ni nusu bei. Kichwa kinasema kama almasi ni ya ardhini au imeoteshwa maabara, na mstari wa asili unasema kama rangi ni ya kuzaliwa nayo au imetiwa.

Hapa nikae kidogo maana ndo penye hela. Njano ya almasi inaletwa na naitrojeni, atomu za naitrojeni zinakaa mahali pa kaboni na zinameza mwanga wa bluu, kinachobaki kurudi machoni kinakuwa njano. Ardhi imefanya hivyo kwa muda mrefu sana, ila maabara nayo inaweza, na kwa bahati mbaya kwako njano ni kati ya rangi rahisi kabisa kuotesha kwa njia ya HPHT, yaani presha kubwa na joto kali, kwa sababu naitrojeni iko kwenye hewa na inajipenyeza yenyewe, ukitaka nyeupe ndo inabidi uhangaike kuizuia. Alafu kuna kundi la tatu, almasi ya ardhini kweli lakini ilitoka na rangi ya kahawia isiyo na soko, ikaingizwa kwenye HPHT ikatoka njano au njano ya kijani, au ikapigwa mionzi kisha ikapashwa joto ikawa njano au chungwa. Hizo ni almasi halisi, na muuzaji akikuambia "hii ni almasi ya asili" kwa hilo jiwe hajasema uongo, amekaa tu kimya kuhusu rangi. Ndo maana usiulize kama jiwe ni la asili, uliza kama JIWE ni la asili na RANGI ni ya asili, maswali mawili, na majibu yaje kwa maandishi.

Kipimo kile kidogo cha sonara chenye sindano, kinachopiga kelele kikigusa almasi, usikubali ukionyeshwa kwenye video kama ushahidi. Kinapima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na almasi ya maabara inapitisha joto vizuri tu, ya mionzi hivyohivyo. Kinakuambia kwamba sio kioo, basi.

Zilizopigwa mionzi kwa njia za zamani wakati mwingine zinajionyesha zenyewe ukiangalia kwa lensi. Kama mionzi iliingilia upande wa chini, rangi inajikusanya karibu na ile ncha ya chini, sasa ukitazama jiwe kwa juu unaona kivuli kimefunguka kama mwavuli kuzunguka ncha. Ikiingilia juu unaona pete nyeusinyeusi inafuata ukingo. Mionzi ya siku hizi inaingia ndani zaidi na rangi inatulia sawasawa, kwa hiyo kutouona mwavuli hakuthibitishi chochote, ila ukiuona funga mazungumzo. (Mwanzoni mwa karne iliyopita, 1904, mwanasayansi William Crookes alizika almasi kwenye chumvi ya radiamu zikageuka kijani, na kijani hiyo ilikuja na mionzi yake. Hazizunguki sana sokoni, nimependa tu kuitaja.) Jambo la kukuhusu zaidi ni kwamba rangi ya mionzi inaweza kubadilika ikikutana na moto wa sonara, siku unapeleka pete kurekebishwa unarudishiwa jiwe lenye rangi nyingine.

Kuna pia za kupakwa, utando mwembamba sana unawekwa mara nyingi upande wa chini ambao haushikwi, jiwe la njano hafifu linaonekana kali. Ukilikuza unaweza kuona mikwaruzo midogo ambapo rangi imetoka, au kingo za zile nyuso ndogondogo ziko weupe. Asidi, moto na polishi vyote vinauondoa. GIA hawatoi ripoti ya madaraja kwa almasi iliyopakwa, kwa hiyo ukiona ripoti inayoonekana ya kwao na jiwe lina utando, maana yake jiwe lilipakwa baada ya kutoka maabara au hiyo ripoti ni ya jiwe lingine.

Hilo la pili ni la kawaida kuliko unavyofikiri. Ripoti yenyewe inaweza kuwa safi kabisa, namba inafunguka kwenye tovuti ya GIA, kila kitu sawa, ila jiwe lililoko mkononi mwa muuzaji sio hilo. Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza fungua mwenyewe tovuti ya GIA, andika namba kwa mkono wako, usibonyeze linki aliyokutumia wala usiskani msimbo uliochapwa kwenye karatasi, kwa sababu kurasa za kuigiza zipo. Ripoti ikifunguka ndo utaona kichwa na mstari wa asili bila kumbembeleza mtu. Kisha muombe video ya mshipi wa jiwe, ule ukingo mwembamba unaotenganisha juu na chini, chini ya darubini au lensi nzuri, usome namba iliyochorwa kwa leza. Namba peke yake haitoshi, kuchora leza kwenye jiwe lolote sio kazi ngumu, kwa hiyo vipimo navyo vioane: urefu, upana na kina mpaka sehemu ya mia ya milimita, uzito hivyohivyo. Jiwe lako kwenye ripoti ni 5.90 kwa 5.72 kwa 4.42, akiliweka kwenye kaliper ya kidijitali (kile kifaa cha kupimia urefu na unene) akapata 5.81 basi hilo sio jiwe lenyewe, au limechongwa upya, na likichongwa upya ripoti hailihusu tena. Angalia na tarehe. Ripoti ya zamani sana naomba irudiwe, kwa sababu jiwe linaweza kufanyiwa mengi baada ya karatasi kutoka.

Sasa video. Ile aliyokutumia iko kwenye mandhari nyeusi, taa kali juu, jiwe linazunguka. Inapendeza sana na haikuambii kitu. Simu inajirekebishia weupe yenyewe, ikiona jiwe la njano peke yake kwenye weusi haina cha kulinganishia, inaamua tu, na programu ya kuhariri inaongeza ukali wa rangi kwa kuburuza kidole. Muombe video hii, na umwambie hivyohivyo: jiwe tupu lisilo kwenye pete, juu ya karatasi nyeupe ya kawaida, karibu na dirisha lenye kivuli bila jua la moja kwa moja, kidole chake kionekane kwenye fremu, na pembeni aweke almasi nyeupe au nyingine ya njano yenye ripoti, zote pamoja kwenye picha moja. Karatasi ikionekana njano au ya krimu ujue kamera imeongopa na jiwe limeongezewa. Ngozi ya kidole ikionekana ya chungwa vilevile. Alafu bila kukata video asogee chini ya taa ya ofisini, kisha taa ya manjano ya nyumbani. Kila jiwe la njano linapendeza chini ya taa ya manjano, we angalia linavyokaa kwenye mwanga wa dirisha.

Muuzaji mwenye mali ya kweli hili ni la dakika chache kwake. Akikuambia sera ya kampuni hairuhusu, basi sera yako nayo isiruhusu kulipa.

Kuhusu daraja lenyewe. Kwa njano GIA wanaanzia fansi laiti, fansi, fansi intensi, fansi vividi, na kwa zile zenye giza kuna fansi dipu na fansi daki. Njano iliyo hafifu kuliko fansi laiti inabaki kwenye skeli ya kawaida ya D mpaka Z, ile ya almasi nyeupe ambapo D haina rangi kabisa na Z ina njano hafifu, ndo maana unaona watu wanauza jiwe la W au X kwa jina tamu kama "kanari laiti". Kanari, shampeni, konyaki, chokoleti, hayo ni majina ya dukani, wewe fuata kilichoandikwa na maabara. Na kila daraja ni pana, ujue hilo, ndani ya intensi kuna jiwe lililoponea chupuchupu kutoka fansi na kuna lililokosa vividi kidogo tu, yote mawili yana karatasi inayosema kitu kimoja na hayawezi kuwa na bei moja. Hii inaweza kuwa sababu halali ya bei yako kushuka kiasi, ila kiasi, sio nusu.

Soma pia kama kuna neno la ziada kabla ya njano. Neno la mwisho ndo rangi kuu, linalotangulia ni rangi iliyochanganyika. Njano tupu ni nzuri, njano ya chungwa huwa inatafutwa, ya kahawia inashusha bei sana, na kahawia kwenye video yenye taa kali huwezi kuiona kabisa, inajificha ndani ya mng'aro. Na ule mstari wa tatu, usambaaji, ukisema haiko sawa maana yake kuna sehemu ya jiwe ina rangi na sehemu imepauka. Kwenye radianti mara nyingi rangi inakaa pembeni na katikati panabaki kama dirisha, ukiliweka juu ya maandishi unayasoma kupitia hapo. Mwambie alitazamishe juu kabisa, atulie sekunde kadhaa bila kuzungusha, uone katikati kuna nini. Kuzungusha kunaficha dirisha.

Radianti imechaguliwa makusudi, mchongaji wa njano anatafuta kata inayorudisha mwanga mara nyingi ndani ili rangi ikolee, ndo maana duara ni chache kwenye njano na ukilipata linagharimu zaidi. GIA hawatoi daraja la kata kwa almasi za rangi, wanatoa polishi na usawa wa umbo tu, kwa hiyo "kata ekselenti" kwenye tangazo lake ameitunga. Jiwe lako kina chake ukikigawa kwa upana, 4.42 kwa 5.72, unapata karibu asilimia 77. Hiyo ni nyingi. Uzito umezama tumboni ambako hakuna atakayeuona, radianti ya karati hizohizo yenye kina cha asilimia 68 ingekuwa na uso wa kama 6.1 kwa 6.0, karibu sehemu moja ya kumi kubwa zaidi kidoleni. Kina kirefu kinaweza kuwa ndo kilichoisukuma rangi ikafika intensi, kwa hiyo sio kosa moja kwa moja, ila unalipia karati ambazo macho hayazioni na bei ishuke kwa ajili hiyo.

Usafi usikusumbue sana. Kwa njano VS au SI nzuri (madaraja ya usafi ya jiwe lenye vidoa vidogo) inatosha kabisa, rangi inameza vidoa, we kwepa tu nyufa zinazofika juu ya jiwe na hasa kwenye pembe, pale panapobanwa na kucha za pete. Florosensi, yaani jiwe kuwaka lenyewe likipigwa mwanga wa urujuanimno, ikiandikwa kali au kali sana omba kuliona nje mchana, ya bluu inaweza kuichubua njano au kulifanya jiwe liwe na ukungu.

Na kama anakuuzia likiwa tayari kwenye pete, njano mara nyingi inawekwa kwenye kikombe cha dhahabu ya njano ili dhahabu iakisi juu. Kwa urembo ni sawa kabisa, hata mi ningeshauri. Kwa kupima ni balaa, laiti inageuka fansi mbele ya macho yako. Nunua jiwe tupu, pete utatengeneza.

Pinki uliyoigusia, kwa bajeti ile ningeiacha. Mgodi wa Argyle kule Australia uliokuwa unatoa zaidi ya asilimia 90 ya pinki za dunia ulifungwa 2020, na tangu hapo kila mwenye kipinki anasema ni cha Argyle. Bila karatasi za mgodi wenyewe hilo jina lisikuongezee bei. Pinki inatokana na mkunjo wa fuwele lenyewe, haina atomu ya kigeni kama naitrojeni, na zile za kutengenezwa kwa hatua nyingi hazijulikani kwa lensi, lazima maabara. Kijani ni ngumu zaidi, asili nayo inaipata kwa mionzi ya ardhini, kwa hiyo kuna mawe ambayo maabara inaandika asili ya rangi haijulikani, na hilo ni jibu la kweli la maabara, sio uzembe. Bluu ya asili inatokana na boroni na inapitisha umeme, bei yake sote tunaijua hatuna.

Kwenye bei, akikuambia iko chini ya listi ya Rapaport, ile listi ya bei ambayo wafanyabiashara wa almasi wanaifuata, mpotezee, listi hiyo ni ya nyeupe, za rangi zinauzwa kwa kulinganisha jiwe na jiwe. Tafuta mawe matano au sita ya wauzaji tofauti, njano tupu, intensi, rangi ya asili, radianti, kati ya karati 1.1 na 1.3, kisha uone lako limekaa wapi. Likiwa chini kwa asilimia 10 au 15 kina na dirisha vinaweza kueleza. Nusu naielezea kwa mambo mawili tu, rangi ya kutiwa au jiwe la maabara, ukiacha wizi. Na akikuongezea "cheti cha Kimberley" ujue mpango ule wa kuzuia almasi za vita, ulioanza 2003, unahusu almasi ghafi tu, jiwe lililochongwa halina cheti hicho.

Malipo sasa. Usitume hela benki kwa benki kwa mtu usiyemjua, wala sarafu za kidijitali, tumia kadi yenye haki ya kudai au mtu wa tatu anayeshikilia hela mpaka ukubali. Siku za kurudisha zihesabiwe tangu jiwe lifike mkononi, na iandikwe wazi kwamba kulipeleka kwa mkaguzi wako hakuvunji haki ya kurudisha, wauzaji wengine wana kipengele kidogo kinachosema likitolewa kwenye muhuri biashara imeisha. Mkaguzi umchague wewe, sio aliyependekezwa naye. Kifurushi kikatiwe bima ya thamani kamili njia zote mbili, na ujue nani analipa ushuru jiwe likirudi. Kwa jiwe lenye bei kama hiyo mi ningelirudisha GIA kabisa kukaguliwa upya ndani ya muda wa kurudisha, gharama yake ni ndogo mbele ya unayotaka kulipa.

Mwandikie leo, maneno machache tu: "Naomba picha ya ripoti nzima bila kukatwa, video ya maandishi ya leza, jiwe kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha pamoja na almasi nyingine, na uthibitisho wa maandishi kwamba jiwe na rangi vyote ni vya asili na ninaweza kurudisha ndani ya siku 14 baada ya kukaguliwa na mkaguzi wangu." Akijibu yote niletee ripoti nzima tuisome pamoja. Akirudi na habari ya yule mteja mwingine anayesubiri, mwache amuuzie huyo.